Kijumbe wa Mtambo

Jumatatu, 15 Septemba

Naanza shajara leo. Mameneja wakubwa huwa nazo. Mimi Polikarpo si meneja bado, ila ni suala la muda, kwa hiyo heri nianze mapema nisije nikasahau nilikotokea.

Mama Kokuberwa anastaafu! Ndiye mkuu wetu wa chumba cha mtambo, ile kompyuta kubwa inayobeba hesabu zote, hapa Mtoni, Shirika la Akiba Mwambao. Ametuita asubuhi sote watatu, mimi, Brightson na Noela. Shikamoo zetu hazijaisha akatupasulia. Habari mbaya ikafuata: Bodi imechoka na bili ya leseni za mtambo. Ikipanda tena, chumba kinafungwa, mtambo unauzwa chuma chakavu, kazi zote zinahamia kwenye kompyuta za kukodi huko ng'ambo. Sisi tutapewa cheti cha shukrani na soda. Bodi inakaa Ijumaa, tarehe 3 Oktoba. Atakayeleta njia ya kuishusha bili ndiye atakayerithi kiti.

Kiti! Nakijua kile kiti. Kinazunguka. Kiko chini ya kiyoyozi. Nilikikalia siku Mama alipokwenda msibani Bukoba, nikazunguka hadi nikashika meza.

Brightson naye amekitazama. Nimemwona.

Jumanne, 16 Septemba

Niko kwenye gari la adui. Ndivyo ilivyo. Mimi na Brightson tunakaa Wazo, kazi iko Mtoni, na jiji lote liko katikati. Yeye ana IST. Mimi nina miguu. Shemeji yake hukaa mbele, anateremka Kariakoo, na hata akishateremka mimi nabaki nyuma na spea taili.

Silipi mafuta. Namlipa kwa utaalamu. Nimetengeneza programu ndogo, inatafuna matokeo ya mechi za Ulaya za miaka na miaka, kisha inanitolea timu za kushinda. Ndio mkeka wetu wa kubeti. Inaendeshwa palepale kwenye mtambo wa shirika, ambao hata hauujui mpira. Nimeiita UHAKIKI-MAALUM ili mtu asiulize. Tumeshashinda mara mbili!

Leo nimeteleza ulimi. Nimemweleza Brightson wazo langu: mtambo wetu ni mmoja lakini una mifumo endeshi miwili. Ule wa zamani, tunaouita Mzee, unabeba akiba na mikopo, na leseni zake ndizo zinazotumaliza. Wa pili ni Linux, unabeba huduma za simu, na Linux ni bure. Basi tuhamishe kila kitu kwenye Linux, tuweke kanzidata moja kubwa ya kisasa, kwisha habari. Brightson alikaa kimya tangu Mwenge mpaka Mtoni. Nilidhani amelemewa na akili yangu.

Jumatano, 17 Septemba

Mwizi! Kikaoni Brightson kasimama, kakohoa, kalitoa wazo langu neno kwa neno. Hata "kwisha habari" kaisema. Nilitaka kupiga kelele, ila nilikuwa na andazi mdomoni.

Mungu si Athumani. Noela, ambaye Linux yote iko mikononi mwake, akasimama. Noela huongea haraka utadhani vocha inaisha. Akasema nyie hamjawahi kukodi ukumbi wa harusi? Mzee ni ukumbi. Mwenye ukumbi anatafuta saa nne mfululizo ambazo watu walijaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwezi, kisha anatoza mwezi mzima kwa kipimo cha saa hizo. Linux ni turubai uani. Wanaokaa turubaini wana prosesa zao, yaani bongo za kompyuta, peke yao, hawamhusu mwenye ukumbi. Lakini programu za zamani zilitungwa kwa ajili ya Mzee, kuzihamisha ni kuziandika upya moja moja. Na hiyo kanzidata kubwa mnayoitamani ina mpishi wake, yaani anayeiuza. Mpishi yule anatoza kwa kila kiti kilichomo turubaini, kimekaliwa hakijakaliwa, hata kama amepika sahani moja. Viti ndizo prosesa, na anazihesabu zote! Mtakimbia bili ya ukumbini mkutane na ya uani.

Brightson akakaa. Wazo langu limeuawa likiwa mikononi mwake. Sijapata kufurahia kuibiwa namna hii.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata! Nimepata nikiwa nakula dagaa!

Mke wangu Adelina ndiye kijumbe wa mchezo wa akina mama hapa Wazo. Kila mmoja anachanga, kila mmoja ana namba yake ya kupokea. Usiku huu alikuwa anafoka kwenye simu: mwenye namba tano asubiri ya tano, hakuna kurukana. Kijiko kikanisimama mdomoni. Kama mwenye ukumbi anatazama saa zilizojaa tu, basi dawa ni watu wasijae! Idara zicheze mchezo. Kila idara ipewe namba yake, yaani kipande chake cha siku cha kufanya kazi nzito kwenye Mzee. Mmoja akimaliza, mwingine anaingia. Kilele kinashuka, bili inashuka, Polikarpo anazunguka.

Nimemweleza Adelina. Kasema si wazo baya, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Ila akaniasa: namba hupangwa mbele ya watu wote. Kijumbe anayeahidi namba chumbani huhama mtaa.

Sawasawa. Hayo ni ya akina mama. Huku ni teknolojia.

Ijumaa, 19 Septemba

Brightson sikumwambia kitu garini. Nilijifanya nasinzia njia nzima. Shingo inauma mpaka sasa.

Mama Kokuberwa kanisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akasema ni jambo la maana. Noela naye kakubali, kasema hivyo ndivyo wenye akili wanavyofanyaga, kazi nzito zinapangiwa zamu. Nikateuliwa kijumbe wa mtambo papo hapo! Tunaanza Alhamisi ijayo, tarehe 25. Siku ya mishahara, siku ngumu kuliko zote, kwa hiyo tukifaulu siku hiyo Bodi haina la kusema. Mama akasisitiza nipange namba kwa haki, maana kazi za watu wote wa chumba kile zimo humo.

Brightson alinipongeza kwa kunishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Roho kwatu!

Jumatatu, 22 Septemba

Sikujua kama ukijumbe ni cheo kikubwa hivi.

Asubuhi amekuja braza Talha wa Mikopo. Hajawahi kuja mezani kwangu tangu niajiriwe. Kasema sie wa Mikopo tukichelewaga asubuhi wateja wanatutukania mpaka mabibi zetu, kwa hiyo anaomba namba moja, ile ya saa mbili asubuhi. Kisha, kana kwamba ni habari nyingine kabisa, akataja biriani ya mama yake. Nikamwambia namba moja ni yake, asimwambie mtu.

Mchana, sista Flaviana wa Malipo. Mishahara ya wanachama inaingia siku hiyo, hawezi kusubiri mchana. Yeye na Mama Kokuberwa wanaimba kwaya moja, alto wote wawili. Kasema kati ya wimbo na wimbo watu huongea mengi, na mtu anaweza kutajwa vizuri. Nikamwambia namba moja ni yake, asimwambie mtu.

Sijadanganya. Nimeahidi tu mara mbili.

Jumanne, 23 Septemba

Mara tatu. Brightson, ambaye taarifa za matawi ziko mikononi mwake, anataka zitoke asubuhi mapema, aonekane hodari. Nilimwambia haiwezekani. Akasema shemeji yake anaweza kuhamia nyuma. Kiti cha mbele! Na redio nichague mimi! Binadamu ana mipaka.

Nimekaa nikapiga hesabu zangu na sioni tatizo. Sisi watu wa Dar tunajuana. Ukiandika kwenye kadi sherehe saa moja, bwana harusi mwenyewe anaingia saa tatu. Ukiwaambia watatu waje saa mbili, mmoja atakuja saa mbili na nusu, wa pili saa nne, wa tatu atapiga simu yuko njiani wakati bado anaoga. Watajipanga wenyewe. Huu ndio ujuzi wa mazingira ambao vitabu vya kompyuta havina.

Na kwa kuwa wote watachelewa, hiyo saa mbili yenyewe itakuwa tupu. Ni dhambi kuiacha. Nimeihamishia hapo UHAKIKI-MAALUM, mkeka utoke kabla ya chakula cha mchana. Kijumbe naye ana haki ya namba.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekaa mbele. Nimechagua taarabu. Brightson kavumilia, meno ameyauma, mpaka Mbagala tulikopitiliza kumchukulia mtu mzigo. Biriani ya mama yake Talha imeletwa mapema, kwenye hotipoti, na pilipili yake pembeni. Flaviana kanikonyeza koridoni kwa maana nzuri. Nimekaa mkao wa kula katika kila maana ya neno.

Kesho ni kesho.

Alhamisi, 25 Septemba

Sina nguvu za kuandika. Naandika.

Nilisahau jambo moja tu. Kazi za mtambo haziji kwa miguu. Zinategeshwa. Ukizitegesha saa mbili, zinaanza saa mbili, hazina foleni Ubungo wala hazina mtoto wa kupeleka shule.

Saa mbili kamili zikaingia zote. Mikopo, Malipo, Matawi na mtoto wangu UHAKIKI-MAALUM. Mzee akaishiwa pumzi. Linux ya Noela ilikuwa nzima, lakini kila mtu akiuliza salio kwenye simu, Linux lazima imuulize Mzee, na Mzee hajibu. Siku ya mishahara! Nje ya tawi letu la Mtoni watu wakajaa mpaka barabarani. Mama mmoja muuza vitambaa alipaza sauti akitaka kujua hela yake tumeitia kwenye sufuria gani. Kijana wa mlangoni akaulizwa yeye, akafunga geti, akaongezewa matusi.

Talha akamkuta Flaviana mlangoni kwetu. Kila mmoja akasema yeye ndiye namba moja. Brightson akaja akasema hapana, ni yeye. Wakatazamana. Kisha, polepole sana, wakageuka wote watatu wakanitazama mimi. Talha akaulizia hotipoti ya mama yake.

Ilichukua saa nne. Saa nne mfululizo! Mstari kwenye skrini ya Noela umesimama kama mnazi. Mwenye ukumbi hajapata kuona umati kama huu. Mama Kokuberwa hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba alitarajia kutuachia chumba kikiwa hakijafungwa. Afadhali angenizaba kibao. Nimeogopa kweli leo. Si kwa ajili ya kiti.

Nimerudi nyumbani nyuma, na spea taili.

Ijumaa, 26 Septemba

Noela hakulala. Amekuja na macho mekundu na karatasi ndefu: nani alikula nini jana. Nilikaa karibu na mlango.

Akasoma. Matawi, kidogo. Malipo, wastani. Mikopo, nyingi kiasi. Kisha akasema kuna mlaji wa nne. Mlaji huyu peke yake amekula kuliko Mikopo na Malipo wakijumlishwa. Si jana tu. Noela amefuatilia kumbukumbu za nyuma mwezi baada ya mwezi, na kila penye kilele, huyo jamaa yumo. Bili iliyotaka kutufungia chumba ni bili yake. Anaitwa UHAKIKI-MAALUM.

Nikasogeza kiti changu karibu zaidi na mlango.

Akauliza ni ya nani. Imesajiliwa kwa jina la mshauri mmoja aliyeondoka zamani, kazi yake haijulikani, taarifa yake haisomwi na idara yoyote. (Nenosiri lake aliliacha limebandikwa kwenye skrini, mimi nifanyeje?) Mama Kokuberwa akatuzungushia macho. Brightson akaitazama feni kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. Yeye alikula ile mikeka! Tulitazamana nusu nukta na tukaelewana kuliko ndugu.

Ikabidi nisimame. Nikasema ndugu zangu, mmeona sasa. Mnadhani namba moja tatu niliziahidi kwa bahati mbaya? Nilivuruga maji makusudi ili kambale aibuke.

Noela akaikunja karatasi yake ndefu. Mama akaagiza programu izimwe. Noela akaizima mbele yangu, kwa kidole kimoja. Misimu yote ile ya ligi! Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Jumamosi, 27 Septemba

Adelina kaniuliza mchezo umekwendaje. Nikamsimulia, bila mambo ya mkeka. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Alipopata pumzi akasema Jumatatu nichukue sufuria, niweke vikaratasi, idara zote zichomoe mbele za watu, na mimi mwenyewe nisiguse.

Nimemwambia nilikuwa nimeshaliwaza hilo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Sufuria imefanya kazi! Ya kwetu ya ubwabwa, ina kovu la moto chini. Jumatatu walichomoa wote. Flaviana kapata asubuhi, Talha mchana, akanuna, kisha akakuta mchana kuna utulivu na hakuna anayemtukania bibi. Brightson kapata usiku. Nilicheka kwa ndani.

Mwezi mpya wa kuhesabu umeanza jana. Mzee anapumua. Noela naye amehamishia taarifa za matawi turubaini, polepole, moja moja, akitumia kanzidata ya bure kweli, ile isiyo na mpishi wa kuhesabu viti. Mstari kwenye skrini umelala. Tumesimama wote mbele yake, hata Talha, tukautazama kama watu wanaotazama mtoto aliyelala baada ya homa. Hotipoti nimeirudisha.

Kesho Bodi. Siwezi kula.

Ijumaa, 3 Oktoba

CHUMBA KINABAKI!

Bili ya Septemba imewatisha, lakini Noela kawaonyesha siku za mwezi mpya, kawaeleza ukumbi na turubai, na mzee mmoja wa Bodi aliyekuwa anasinzia akaamka akasema sasa ndiyo ameelewa anacholipia. Mtambo hauuzwi. Hakuna cheti wala soda. Tulikumbatiana, hata mimi na Brightson, kwa bahati mbaya.

Kiti amepata Noela.

Imeniuma. Sitaficha. Nilimpongeza, kisha nikaenda kusimama nyuma ya jenereta. Mama Kokuberwa akanifuata huko. Akasema katika utumishi wake ameona programu nyingi, lakini ile ndiyo ya kwanza kuona inayoijua ratiba ya ligi ya Uingereza. Nikaanza kukagua boliti za jenereta. Akasema chumba kimepona, yeye anataka kustaafu bila kuandika ripoti ya mtu, na kwamba wazo la mchezo lilikuwa langu na lilikuwa zuri. Asisikie tena mpira ndani ya Mzee. Nikamwambia shikamoo, ingawa tulishaamkiana asubuhi. Akacheka, akaitikia. Nitammisi sana mama yule.

Noela, kazi yake ya kwanza akiwa mkuu, kanithibitisha ukijumbe kwa barua. Kijumbe wa Mtambo, kwa maandishi! Adelina kaisoma mara mbili, kisha kaipigia magoti kwa mzaha na kunipakulia finyango ya juu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi njema. Nimekaa mbele bila kuomba. Tulipofika Mwenge Brightson akaguna, akasema wikendi imepita kavu, hana hata mkeka, na mafuta nayo yamepanda. Nimemwelewa. Kutoka Wazo mpaka Mtoni kwa miguu si jambo la kibinadamu.

Nimejifunza mengi katika sakata hili, na nataka yabaki humu kwa faida ya vizazi. Kosa langu lilikuwa moja: niliiweka programu kwa Mzee, kwenye leseni. Mtu mwenye akili angeiweka kwenye Linux tangu mwanzo. Linux ni bure! Mama mwenyewe alikataza mpira ndani ya Mzee. Uani hakukutaja.

Kwa hiyo mchana huu, wakati Noela yuko kwenye keki ya kumuaga Mama, nimemsimika mtoto wangu UHAKIKI-MAALUM turubaini. Nimempatia ile kanzidata kubwa ya kisasa, mwezi wa kwanza mpishi wake hatozi kitu. Yalikuja masharti marefu kweli, mambo ya prosesa na nani anahesabu nini, lugha ya mawakili. Nimebonyeza nakubali. Ikataka jina la mwenye leseni, nikaandika la Noela, kwa heshima, ndiye mkuu.

Mwisho ikauliza itumie prosesa ngapi. Nimechagua zote. Bure ni bure.